Hakuna Kilichoonekana

Mhadhara kuhusu namna serikali inavyosoma ripoti za mambo ya kale kabla ya nguzo za umeme na visima vya gesi. Chake Chake, Pemba



Nimekuja na vitu viwili mfukoni. Vyote nimeazimwa kwa saa mbili, na nimetia saini mahala pawili kwamba nitavirudisha, kwa hiyo atakayevishika naomba asivipitishe dirishani. Hiki cha kwanza ni kigae cha chungu, hakizidi biskuti. Kigeuzeni. Upande mmoja kina mifereji mitatu myembamba, sambamba, mtu angedhani mfinyanzi alipitisha ukucha udongo ukiwa mbichi. Sivyo. Mifereji imelika chungu kikiwa kimeshavunjika. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, mtu wa Pemba hii alikaa kitako akasugua vipande vya kombe juu ya kigae hiki, kutwa na kesho yake, mpaka vikawa shanga za duara. Vigae vya namna hii vimetoka kwa wingi mno katika ardhi ya Tumbe.

Kitu cha pili ni bonge la udongo mwekundu, jepesi kuliko linavyoonekana. Litazameni ubavuni: pana alama ya ufito, mviringo kamili, hata vifundo vya ufito vinasomeka. Nyumba ya kukandika iliungua, udongo ukaiva kama chungu, ufito ukawa majivu, alama yake ikabaki.

Sasa niambieni. Mtu anakatiza shamba kwa miguu, masika imekwisha juzi, majani yako magotini, jua kali, ana kilomita nne mbele yake kabla gari halijamfuata. Ataviona vitu hivi? Hataviona. Jioni atafungua kompyuta yake na kuandika: "Hakuna mabaki ya kale yaliyoonekana katika eneo la mradi."

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ni ya kweli, na aliyeiandika hakudanganya. Lakini ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu afisa anayeipokea, mwenye mafaili mengine mezani na simu inayolia, huisoma kana kwamba imeandikwa "hakuna mabaki ya kale". Neno "yaliyoonekana" limemdondoka njiani. Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya neno hilo.

Tuanze na sababu ya kulizungumza hapa. Pemba ya leo ni kisiwa kinachotafutiwa nishati na kinachopelekewa nishati. Mwaka 2010 waya wa chini ya bahari kutoka Tanga uliwasha taa hizi, baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli ambayo wakubwa humu ndani mnayakumbuka kwa mlio wake na zaidi kwa kunyamaza kwake. Mwaka 2015 sheria ya petroli ya Muungano iliiachia Zanzibar isimamie mafuta na gesi yake. Mwaka uliofuata Baraza la Wawakilishi likapitisha sheria yetu wenyewe, ikazaliwa mamlaka ya udhibiti, ZPRA. Oktoba 2018 ukasainiwa mkataba wa kugawana uzalishaji na RAK Gas ya Ras al-Khaimah kwa kitalu cha Pemba na Unguja. Machi 2024 vikanadiwa vitalu vinane vya baharini. Wengine mmefurahi, wengine mna mashaka. Mimi si mtu wa mafuta na sitowachosha kwa hilo. Ninachojua ni kwamba kila mradi wa nishati, hata ule unaoitwa wa baharini, mwisho wake hugusa udongo. Huhitaji njia ya gari, kambi, machimbo ya kifusi, mtaro, shimo la nguzo.

Wala si mara ya kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisima kilichoitwa Pemba-5 kilichimbwa kwenda chini zaidi ya mita 3,000. Wazee wa Tundaua wanajua habari za mafuta yanayojitokeza yenyewe ardhini kwao kabla ya mhandisi yeyote kufika. Wakati ule hapakuwa na sheria iliyomtaka mchimbaji alete ripoti ya kilicho juu ya ardhi kabla ya kufuata kilicho chini yake. Iliyokuwepo ni dikrii ya mwaka 1927 ya kuhifadhi majengo ya kale, na ile ilifanya kazi kwa orodha: gofu likitangazwa katika gazeti la serikali, lina ulinzi, lisipotangazwa, ni mawe.

Hapo pana jambo ninalotaka mlishike. Orodha hulinda kinachojulikana. Ripoti ya ukaguzi wa mambo ya kale ina kazi tofauti kabisa, nayo ni kutafuta kisichojulikana. Afisa anayeipitia ripoti kwa kuilinganisha na orodha, akaona mradi haugusi magofu ya Pujini wala ya Ras Mkumbuu wala ya Chwaka, akapiga muhuri, amefanya kazi ya mwaka 1927.

Njia ya karatasi yenyewe nitaieleza haraka, maana haina uhondo. Sheria ya mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015 ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA. Mwenye mradi huusajili. Mradi huchujwa ijulikane kama unahitaji tathmini kamili. Huandikwa hadidu za rejea. Huajiriwa mshauri, na anayemlipa ni mwenye mradi mwenyewe. Mshauri naye humtafuta mtu wa mambo ya kale kwa siku chache. Rasimu ikirudi, nakala hugawiwa kwa taasisi zinazohusika, ikiwemo ile ya makumbusho na mambo ya kale. Wajumbe huzuru eneo, wananchi husikilizwa, maoni hukusanywa, cheti hutoka na masharti yake. Kwa ndugu zetu wa Bara kazi hiyo iko chini ya sheria ya mazingira ya 2004, na mambo ya kale yana sheria yake ya 1964. Majina yanatofautiana, mwendo ni ule ule.

Uhondo uko kwenye meza ya anayesoma. Na meza hiyo, ikiwa ya Pemba, lazima isome kwa macho ya Pemba.

Waliotangulia kuchunguza mambo ya kale kisiwani hapa walifuata mawe, na hawana lawama, mawe yanaita. James Kirkman alikwenda Ras Mkumbuu kwenye msikiti na makaburi yake ya minara. Pujini kila mtu alipajua, ngome ya karne ya 15 ya mtawala Mkame Ndume, ambaye masimulizi yanasema aliwakokotesha watu mawe huku wamekaa kitako. Pana kisima kilichotiwa ukuta katikati, wake wawili wasionane wakichota maji, na pana chumba cha chini kwa chini chenye sura ya siwa iliyofinyangwa ukutani kwa chokaa. Mtu ukishaona hayo, utapinda mgongo kutafuta vigae kwenye shamba la muhogo?

Waliopinda walipata. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Jeffrey Fleisher, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia, aliikagua kaskazini ya Pemba kwa utaratibu. Alitembea kwa mistari, na pale ambapo majani au udongo wa juu ulificha, alichimba vishimo vidogo na kuchekecha. Baadaye akarudi na Adria LaViolette, aliyekuwa ameshachimba Pujini, wakafukua Tumbe na Chwaka. Kilichotoka kiligeuza picha yote. Tumbe ya karne ya 7 hadi ya 10 ilikuwa makazi ya zaidi ya hekta 20, watu wake wakifanya biashara na Ghuba, wakitengeneza shanga, wakimiliki vyombo vya kigeni, na hakuna aliyejenga nyumba hata moja ya mawe. Kuizunguka palikuwa na vijiji, navyo vya udongo na miti. Kisha, kufikia karne ya 11, Tumbe ikahamwa na mashamba yakaanza kupungua watu, ukachipuka mji wa Chwaka hapo hapo jirani, mji wa misikiti ya mawe. Sarah Walshaw alipoosha udongo wa sehemu hizo kwenye maji ili mbegu zilizoungua zielee juu, akakuta Tumbe walikula uwele, na Chwaka, kadiri karne zilivyopita, mchele ukashika nafasi.

Haya yote, ndugu zangu, yasingeandikwa na mtu aliyeangalia tu. Mji mzima wa hekta 20 ulikuwa chini ya miguu ya watu wakipalilia muhogo juu yake. Msingi wa historia ya Pemba ni udongo uliokandikwa, na udongo uliokandikwa ukirudi kuwa udongo hauonekani.

Kwa hiyo afisa wa Pemba akikuta "hakuna kilichoonekana", swali lake la kwanza liwe: mlitazamaje?

Niwaonyeshe hesabu, na kalamu ninayo. Chukueni njia ya umeme ya kilomita 10, yenye upana wa mita 20. Hizo ni mita za mraba 200,000. Mkaguzi mwenye bidii, si yule wa gari, anachimba kishimo cha nusu mita kwa nusu mita kila baada ya mita 50. Atachimba vishimo 200. Ukijumlisha eneo la vishimo vyote hupati zaidi ya mita za mraba 50. Ameifungua sehemu moja kati ya 4,000. Ni kama kusoma herufi moja katika kila kurasa mbili za kitabu kisha kusimulia kisa chake.

Msinielewe vibaya, vishimo vinafaa, tena sana, maana kijiji si sindano. Kijiji chenye upana wa mita 150 kitakamata vishimo vitatu. Lakini boma la nyumba tatu, la mita 30, linaweza kukaa salama kati ya kishimo na kishimo na lisijulikane mpaka siku ya nguzo. Na tumejua tayari kwamba Tumbe ilizungukwa na vijiji vya udongo na miti. Basi kwenye kilima chenye udongo mzuri, karibu na maji, panapotazama hori, mita 50 ni mbali mno. Afisa ana haki ya kuandika pembeni "rudini, kila mita 10". Kwenye uwanda wa mawe wa upande wa mashariki, penye udongo wa kiganja, vishimo vichache vinaweza kutosha. Ripoti inayotumia nafasi ile ile kisiwa kizima imeandikwa na mtu ambaye hakukitazama kisiwa.

Halafu chekeche. Tundu za milimita 5 hupitisha shanga ndogo za kioo, nazo shanga za kioo ndizo zinazotuambia nani alifanya biashara na nani. Ripoti isiyotaja tundu za chekeche haijasema kitu. Msimu pia: chini ya mikarafuu majani huanguka mwaka mzima, na zulia lile halikunjuki kwa kutembea juu yake. Mikarafuu hiyo hiyo, tangu ile ya Unguja ilipoangushwa na kimbunga cha 1872 na Pemba kuwa ndiyo shamba kuu, imechimbiwa mashimo juu ya makazi ya kale bila idadi. Mwenye shamba la mikarafuu anajua vigae vilivyo kwake kuliko ripoti yoyote. Je, aliulizwa?

Mimi nimekaa kwenye meza za wapitiaji, upande wa wale wanaoitwa wataalamu waalikwa, tunaopewa chai na posho ya nauli. Nitawapa kisa kimoja, na wenyewe nawasitiri. Ripoti ilinifikia Alhamisi alasiri, ikitakiwa maoni Jumatatu. Ilikuwa nene kama msahafu wa juzuu zote, Kiingereza mwanzo mwisho, na sura ya mambo ya kale ilikuwa kurasa sita. Ukurasa wa pili ulisema eneo la mradi lina mabonde ya mito ya msimu na wafugaji wanaohamahama. Nikatoka nje, nikaitazama Pemba, nikarudi ndani. Aya ile ilikuwa imenakiliwa kutoka ripoti ya mahali pengine na hakuna aliyeisoma tena. Ukurasa wa nne ulikuwa na ramani yenye mstari mwekundu mmoja ulionyooka kama rula, umepita juu ya mkoko, umepita juu ya nyumba za watu, ukiambiwa ndio njia waliyotembea wakaguzi. Binadamu hatembei hivyo. Anakwepa kinamasi, anazunguka ua wa mtu, anarudi alipodondosha kofia. Nikaomba rekodi za njia kutoka kwenye vifaa vyao. Zilipokuja, ndipo ikajulikana walitembea robo ya njia, na sehemu nyingine waliziona kutoka barabarani.

Tangu siku ile siifungui ripoti kwa muhtasari. Muhtasari huandikwa ili umpendeze anayelipa. Naanza na ramani ya nyayo, nafuata orodha ya vishimo, kila kimoja na kina chake na rangi ya udongo wake, vitupu na vyenye kitu. Kishimo kitupu kilichoandikwa vizuri ni ushahidi. Kishimo kisichoandikwa si kitu. Kisha natafuta yale mambo ya pembeni ambayo ndiyo huharibu zaidi: wapi kitachimbwa kifusi, wapi litageuzia lori, wapi watalala wafanyakazi. Njia ya umeme yenyewe inaweza kukwepa kaburi kwa kusogeza nguzo mita nne, na mhandisi hatakataa ukimwambia mapema. Machimbo ya kifusi hayakwepi. Yanachukua kilima kizima, na katika nchi ya vilima vidogo kama hii yetu, kilima ndipo watu walipokaa.

Sasa majina. Nilimfuata mkaguzi mmoja, kijana mzuri tu, mchapakazi, mpaka mahali kaskazini huko ambapo kwenye ramani yake paliandikwa P-14. Palikuwa na mzee anakata kuni.

"Shikamoo babu. Hapa panaitwaje?"

"Marahaba mwanangu. Hapa Mjini."

"Mjini, na miti yote hii?"

"Mimi nimepakuta ndivyo panavyoitwa. Na baba yangu alipakuta."

Kijana akacheka kwa adabu. Akaandika P-14. Mimi sikucheka, maana nimeshafika Msuka Mjini, ambapo leo hakuna mji, ila pana gofu la msikiti na ndani ya mihirabu yake mtu alichora mwaka 816 wa Hijria, sawa na 1413 au 1414 ya miladi. Jina lilibaki watu walipoondoka. Mtambwe Mkuu vile vile: leo ukivuka maji yakitoka unakuta kisiwa cha wavuvi, ukijiuliza ukuu wake uko wapi. Ulikuwa ardhini. Mwaka 1984 ilitoka pale hazina ya zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, zenye majina ya watawala wa mwambao wenyewe, na dinari chache za dhahabu pamoja nazo. Sarafu zile ni ndogo, unaweza kuificha moja chini ya ukucha wa gumba. Jina "Mkuu" lilikuwa limesema yote hayo kwa karne nyingi, na halikuhitaji chekeche.

Ripoti inayobadili majina ya makonde kuwa herufi na tarakimu imeutupa ushahidi wa kwanza kabla haijafika shambani. Ningetaka kila ripoti ya Pemba iwe na jedwali moja, sharti lisiloondoleka: jina la mahali kama linavyotamkwa na wakaazi, nani alilitaja, na maana yake kama wanaijua. Sheha wa shehia anaweza kukusanya watu wanne barazani, na kazi hiyo ikaisha kabla ya adhuhuri.

Na mizimu, msinikwepeshe macho. Nyingi katika ripoti hizi huweka mizimu katika sura ya "mila na imani", mbali na sura ya mambo ya kale, kana kwamba ni vitu viwili. Mara ngapi penye ubani na kitambaa chekundu pana pia ukuta uliofukiwa? Watu wamepatunza mahali kwa heshima ambayo sababu yake wameisahau. Masheikh wetu wana maoni yao juu ya desturi hizo, nami sigombani nao. Nasema tu kwamba mkaguzi akipaona mahali panapofukizwa, achimbe kishimo pembeni, kwa ruhusa ya wenyewe.

Nimeulizwa na wengi kuhusu vitalu vya baharini: si bahari tupu, magofu yako wapi? Gesi ikipatikana haitabaki baharini. Bomba litapanda nchi kavu, na litatafuta hori lenye kina, lililokingwa na kusi na kaskazi, lenye ufukwe usio na miamba. Nahodha wa karne ya 9 alitafuta vivyo hivyo. Ras Mkumbuu, ambapo wapo wanaosema ndipo palipokuwa Kanbalu aliyoitaja al-Masudi baada ya safari yake ya mwaka 916, iko pale ilipo kwa sababu ya bahari yake. Mhandisi na mtu wa kale hugombea kipande kile kile cha pwani, na wakati huo huo bahari nayo inakimega. Ndiyo maana nasema sehemu za kupandia nyaya na mabomba zikaguliwe kwanza, kabla njia haijachorwa. Njia ikishachorwa na fedha kukopwa, maoni ya mtu wa mambo ya kale huwa ni kero ya mwisho wa safari.

Ng'ambo ya mkondo huu, Chongoleani huko Tanga, ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Kilomita 1,147 za bomba hilo ziko Tanzania, na linapita wilaya ya Kondoa, nyumbani kwa michoro ya miambani iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2006. Mradi mkubwa kama ule huja na masharti ya wakopeshaji, hasa kile kiwango cha nane cha IFC, shirika la mikopo la Benki ya Dunia, kinachohusu urithi wa utamaduni, na ripoti zake hujaa makabati. Miradi inayonikosesha usingizi ni midogo: laini ya kilomita sita kwenda kijijini, ambayo hakuna mkopeshaji wa nje aliyeiwekea sharti, na kila mtu anaitaka haraka. Nami ninaitaka. Nina dada yangu huko anayesomesha watoto kwa taa ya simu.

Lamu, kwa majirani zetu wa Kenya, tuliona ripoti ikipingwa mpaka mwisho. Mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulikuwa umeshapewa leseni ya mazingira mwaka 2016, karibu na mji wa kale ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la mashauri ya mazingira la Kenya likaifuta leseni. Moja ya sababu kubwa ilikuwa nyepesi kueleweka: wananchi waliitwa mikutanoni kabla uchunguzi haujakamilika, na ulipokamilika hawakuelezwa ipasavyo kilichomo. Walishirikishwa katika kuanza, hawakushirikishwa katika kusoma. 

Marekani, kwa mujibu wa kifungu cha 106 cha sheria yao ya 1966, ofisi ya uhifadhi ya jimbo hupewa siku 30 kujibu, na ikikaa kimya, kazi inaweza kuendelea. Napenda muda unaojulikana. Siupendi ukimya unaohesabiwa kuwa ridhaa, kwa ofisi isiyo na watu. Tena tukumbuke kwamba kiolezo cha ripoti kinachofika kwetu kinaweza kuwa kimezaliwa katika nchi kame kama New Mexico, ambako kigae hukaa juu ya mchanga miaka 800 kikisubiri kuokotwa. Huko kutembea na kutazama ni kazi. Ukikileta kiolezo hicho chini ya mikarafuu ya Pemba, umeleta miwani ya mtu mwingine.

Msimamo wangu ni huu, na wenye mamlaka waliomo humu wanisikie bila kununa. Ripoti isiyo na vishimo, katika upande wa udongo wa kisiwa hiki, irudishwe bila kujadiliwa. Iliyoandikwa Kiingereza tupu irudishwe pia, ije na sura ya mambo ya kale kwa Kiswahili, ili sheha na mwalimu wa shule waikosoe. Ada ya mtu wa mambo ya kale ipitie serikalini, asiwe analipwa na yule anayesubiri jibu lake. Na sharti la "kazi isimame kikikutwa kitu" lisiandikwe kama sala ya mwisho wa ripoti. Pawe na jina la cheo cha mtu aliyepo Pemba, si ng'ambo ya maji, wa kupigiwa simu saa hiyo hiyo. Mwendesha greda hawezi kusubiri boti ya kesho. Atasubiri saa moja, akikereka sana mbili, kisha atasukuma.

Kigae na bonge la udongo vimesharudi mezani, naona, na nashukuru. Mlangoni pana daftari na kalamu tatu. Atakayetoka aandike jina la konde lake, jina la shehia, na alichowahi kukitoa ardhini kwa jembe, hata kama alidhani ni takataka. Wasioandika wamwambie mjukuu awaandikie. Daftari litapelekwa kwa masheha kabla wapimaji wa miradi hawajaanza kazi.